Mawimbi ya mita yanayopanda kwenda langoni: je, yanaweza kukingwa na wadukizi bila kutegemea usimbaji peke yake?

Swali: BintiMitambo

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninashughulikia mradi wa mita za maji zinazotuma usomaji wake kwa LoRaWAN (mtandao wa redio za LoRa, zinazofika mbali kwa nguvu ndogo) katika mji mmoja wa pwani. Kila mita imefungwa ndani ya kisanduku ukutani, kando ya uchochoro, na betri yake inatakiwa idumu kwa miaka bila kuguswa. Inatuma kwa nguvu isiyozidi miliwati 25, katika bendi ya megahezi 868, kwenda kwenye lango la kupokea lililowekwa juu ya tangi la maji. Nyumba nyingi ziko umbali wa kati ya kilomita moja na mbili kutoka kwenye tangi hilo.

Wasiwasi wangu ni mtu mwenye kipokezi cha redio cha bei nafuu, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambaye anaweza kukaa barazani hatua chache kutoka kwenye mita na kukusanya kila kinachorushwa. Usomaji wa maji si siri ya dola, lakini nyumba isiyotumia hata ndoo moja kwa siku nne mfululizo ni nyumba isiyo na watu, na habari hiyo ina wateja wake.

Usimbaji tunao, ila kutunza funguo za maelfu ya vifaa kumekuwa mzigo. Nimesoma kwamba mwaka 1975 Aaron Wyner alionyesha kuwa inawezekana kutuma ujumbe usiofumbulika na mdukizi bila ufunguo wowote wa pamoja, mradi mdukizi huyo anasikia vibaya kuliko mpokeaji halali. Maandishi yaliyofuata yanazungumzia kelele za makusudi, antena nyingi, na funguo zinazochotwa katika mabadiliko ya mawimbi yenyewe. Je, kuna lolote kati ya hayo linaloweza kutumika katika mkondo wa kupanda, yaani kutoka kwenye kifaa kidogo kwenda langoni? Au yote hayo ni ya minara mikubwa inayorusha kushuka kwa wateja?

Jibu: MwalimuMawimbi

Dada BintiMitambo, sharti la Wyner ulilolitaja ndilo lenye uzito wote hapa, na katika mkondo wa kupanda sharti hilo mara nyingi halitimizwi.

Mwaka 1978 Leung-Yan-Cheong na Hellman (ndiye yule yule aliyeandika na Diffie juu ya funguo za hadharani miaka miwili kabla) waliliweka sharti hilo katika hesabu fupi kwa chaneli zenye kelele za Gauss (aina ya kelele za bahati nasibu). Kiwango cha siri ni uwezo wa chaneli ya mpokeaji halali, ukitoa uwezo wa chaneli ya mdukizi. Tofauti ikiwa hasi, kiwango cha siri ni sifuri, na hakuna msimbo wa aina hiyo, hata ubuniwe kwa ustadi gani, utakaokiinua.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye uchochoro wako. Chukua lango liko kilomita 1.5 kutoka kwenye mita, na mdukizi yuko mita 50, kwa hiyo umbali wa lango ni mara 30 ya umbali wa mdukizi. Katika mji wenye kuta na mabati, tuseme nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha 3.5 cha umbali. Logi ya 30 kuzidisha kwa 35 (yaani kipeo hicho mara kumi) inatoa takriban desibeli 52. Maana yake ni kwamba mdukizi anapokea mawimbi yenye nguvu karibu mara 150,000 kuliko lango lako. Hata ukijidhania uko uwanja mtupu, ambapo kipeo ni 2, tofauti bado inakaribia desibeli 30. Lango likipata uwiano wa desibeli 10 kati ya mawimbi na kelele, uwezo wake ni kama biti 3.5 kwa kila hezi. Mdukizi mwenye desibeli 62 ana zaidi ya biti 20. Toa hiyo kwa hii, uone kinachobaki.

Katika mkondo wa kushuka mambo ni mengine, kwa sababu mnara una antena nyingi na umeme wa kutosha. Njia ya Goel na Negi ya mwaka 2008 inautaka mnara urushe kelele pamoja na ujumbe, na kuipanga kelele hiyo ili isimfikie mpokeaji halali, bali iwafikie wengine wote. Mita yako ina antena moja na betri moja. Haina namna ya kupanga kelele iende huku na isiende kule.

Waweza kusema: basi antena nyingi ziwekwe langoni. Ni kweli kwamba antena 64 zinazopokea kwa pamoja zinaongeza desibeli 18 hivi. Lakini pengo ni desibeli 52, na kulifunika kwa antena peke yake kungehitaji antena karibu 150,000 juu ya tangi la maji. Sidhani mhandisi wa tangi atakubali.

Pendekezo jingine linalopendwa na watafiti ni kwamba lango lenyewe lirushe kelele wakati huo huo linapopokea, na kuifuta kelele hiyo kwa kuwa linaijua. Kundi la Stanford lilionyesha mwaka 2013 kwamba redio ya WiFi inaweza kufuta takriban desibeli 110 za mawimbi yake yenyewe, na hiyo ilikuwa kazi kubwa. Malango ya kawaida ya LoRa hayana uwezo huo. Yakirusha, huwa viziwi. Lakini tuseme umepata lango lenye uwezo huo, na linarusha kelele ya miliwati 500. Hiyo ni desibeli 13 juu ya mita. Kelele hiyo inasafiri kilomita 1.5 kabla ya kumfikia mdukizi, ilhali mawimbi ya mita yamesafiri mita 50 tu. Bado mita itasikika juu ya kelele kwa desibeli 39. Zaidi ya hapo, LoRa hufumbulika hata ikiwa chini ya kelele, kwa desibeli 7.5 katika SF7 (mpangilio wa kutuma haraka) na hadi desibeli 20 katika SF12 (wa kutuma polepole ili kusikika mbali). Kelele ya langoni inamsumbua mdukizi aliyekaa chini ya tangi. Wa barazani haimgusi.

Jibu: SiriNaHesabu

Namshukuru Mwalimu kwa hesabu safi, na sina ugomvi na tarakimu zake. Nina ugomvi na hitimisho ambalo msomaji anaweza kulibeba, kwamba mdukizi akiwa karibu zaidi basi mlango wa nadharia umefungwa. Haujafungwa.

Hesabu ya mwaka 1978 inahusu ujumbe unaokwenda upande mmoja, bila mpokeaji kujibu. Mwaka 1993 Ueli Maurer alionyesha kwamba pande mbili zikiruhusiwa kuzungumza hadharani, mdukizi akisikia kila neno, bado zinaweza kukubaliana ufunguo wa siri hata kama mdukizi ana chaneli bora kuliko zao zote mbili. Mfano wake ni wa setilaiti inayorusha biti za bahati nasibu, ambapo kila mmoja anazipokea na makosa yake. Mdukizi ana makosa machache, lakini makosa yake si yale yale ya wenzake. Pande mbili zinatangaziana baadhi ya majumlisho ya biti, zinabaki na zile ambazo zimekubaliana kwa kiwango kikubwa, kisha zinazikamua mpaka alichobaki nacho mdukizi kuhusu ufunguo ni karibu na hakuna. Ahlswede na Csiszár walifika karibu na hapo hapo mwaka huo huo kwa njia yao.

Katika redio, chanzo cha biti hizo ni chaneli yenyewe. Mawimbi yanayotoka kwenye mita kwenda langoni hupita njia zile zile yanapotoka langoni kurudi kwenye mita, ikiwa masafa ni yale yale na muda kati ya safari hizo mbili ni mfupi. Kupanda na kushuka kwa nguvu ambako mita inakuona ndiko lango linakokuona. Mtu aliyesimama umbali unaozidi nusu ya urefu wa wimbi, ambao kwa megahezi 868 ni kama sentimita 17, huona mabadiliko mengine kabisa, ikiwa mazingira yana vitu vingi vinavyorudisha mawimbi. Hapo kusikia kwa nguvu hakumsaidii, kwa sababu anasikia vizuri kitu kisicho chake.

Naongeza tahadhari moja ambayo watu huiruka. Mazungumzo hayo ya hadharani yanaweza kusikilizwa na yeyote, lakini hayatakiwi kuchezewa. Lango lazima liwe na uhakika kwamba linazungumza na mita na si na mtu aliyejifanya mita, na uhakika huo kwa kawaida unatokana na ufunguo mdogo uliokuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo njia hii inakuza na kuhuisha ufunguo ulio nao. Haiuzai kutoka patupu.

Jibu: FundiLango

Kaka SiriNaHesabu, nadharia hiyo naiheshimu, lakini mita ya maji ni mahali pabaya pa kuijaribia, na LoRaWAN ni pabaya zaidi.

Kwanza, mita haitembei. Imefungwa ukutani kwa skrubu nne, na lango limefungwa juu ya tangi. Mtu anayetembea na simu ya gigahezi mbili hupata chaneli inayobadilika mara nyingi kwa sekunde. Mita inapata chaneli ile ile asubuhi na jioni, ikitikiswa kidogo tu na lori linalopita au geti linalofunguliwa. Na lori hilo mdukizi wa barazani analiona pia.

Pili ni muda. Ujumbe wa baiti 23 katika SF12 unachukua karibu sekunde 1.5 hewani. Baada ya hapo kifaa kinangoja sekunde moja, ambayo ndiyo chaguo-msingi, kabla ya kufungua dirisha lake la kwanza la kusikiliza. Kwa hiyo kati ya lango kuipima chaneli na mita kuipima, sekunde nzima na zaidi imepita. Mita ikiwa imetulia, pande zote mbili zitaona kitu kimoja lakini hakuna bahati nasibu ya kuvuna. Ikiwa kuna msukosuko wa kutosha wa kuvuna, kila upande utaona msukosuko wake. Katika SF7 ujumbe huo huo unachukua kama milisekunde 62, ambayo ni nafuu, lakini ile sekunde ya kungoja iko pale pale.

Tatu, hesabu ya mavuno. Tuseme umebahatika kupata biti moja safi kwa kila jozi ya ujumbe na jibu lake, na mita inatuma mara nne kwa siku. Ufunguo wa biti 128 utachukua siku 32. Kila jibu linatoka langoni, na lango linabanwa na kikomo cha asilimia moja ya muda katika sehemu kubwa ya bendi hiyo, yaani sekunde 36 kwa saa, zigawanywe kwa maelfu ya mita. Haiwezekani.

BintiMitambo

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba umbali ndio unaoamua, na kwamba mita zangu zimekaa kimya mno kuweza kuzalisha funguo. Nina mawili yaliyobaki. Mita ni nyingi na ziko jirani; je, mita ya nyumba ya pili haiwezi kurusha kelele wakati ya kwanza inatuma? Na kama siwezi kumziba mdukizi masikio kabisa, je, naweza angalau kupunguza eneo ambalo anaweza kusikia akiwa ndani yake?

Jibu: SiriNaHesabu

Wazo la majirani lina jina katika utafiti wa chaneli zenye watumaji wengi, na Tekin na Yener walilichambua mwaka 2008: mtumaji asiye katika nafasi nzuri ya kutuma siri anaweza kuwa na faida zaidi akitoa kelele ya kuwakinga wenzake.

Tulijaribu kwa tarakimu za Mwalimu. Mdukizi yuko mita 50 kutoka kwenye mita inayotuma, na mita ya jirani iliyo umbali wa mita 10 kutoka kwa mdukizi inarusha kelele kwa nguvu ile ile. Kwake kelele itakuwa juu ya ujumbe kwa desibeli 24 na nusu hivi. Langoni, mita zote mbili ziko karibu kilomita 1.5, kwa hiyo ujumbe na kelele vinafika sawa kwa sawa, na LoRa katika SF7 inaweza kufumbulika hata ikiwa desibeli 7.5 chini ya kelele. Lango linasoma, mdukizi hasomi. Nakiri kwamba nilipoipata hesabu hii niliifurahia.

Lakini mahali pa kukaa anapachagua mdukizi. Akisogea hadi mita 5 kutoka kwenye mita anayoitaka, na jirani akabaki mita 30 kutoka kwake, tofauti inageuka kuwa desibeli 27 kwa faida yake. Wewe hujui yuko wapi, kwa hiyo hujui jirani yupi apewe kazi. Betri ya jirani inaliwa kwa ajili ya ujumbe usio wake, ujumbe wa mita nyingine katika chaneli hiyo unaharibika, na kisheria unakaribia pabaya, kwani Kanuni za Redio za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), katika kifungu cha 15, zinakataza vituo kurusha mawimbi yasiyo ya lazima. Kabla hujamshawishi msimamizi wa masafa kwamba kelele yako ni ya lazima, mradi utakuwa umekwisha.

Jibu: FundiLango

Swali la pili la dada ndilo ninalolipenda, kwa sababu lina jibu la kufanyia kazi wiki hii.

Vifaa vya LoRaWAN katika bendi hiyo vinaweza kushusha nguvu kwa hatua za desibeli mbili, hadi desibeli 14 chini ya kiwango cha juu. Vilevile kutoka SF12 kwenda SF7 kunaondoa desibeli 12.5 za usikivu, na usikivu huo unaondoka kwa kila anayesikiliza, awe mwema au mbaya. Ukijumlisha ni desibeli 26.5. Kwa kipeo kile kile cha 3.5, nusu kipenyo cha eneo linalosikika kinapungua karibu mara 5.7, na eneo lenyewe zaidi ya mara 30. Utaratibu wa ADR, ambao mtandao huutumia kurekebisha kasi na nguvu za kifaa, unafanya marekebisho hayo wenyewe kwa vifaa visivyotembea, na nimeshangazwa na idadi ya mitandao ambayo umezimwa tangu siku ya kufungwa kwa sababu fundi alitaka ujumbe ufike tu.

Tatizo ni kwamba mita iliyo kilomita 1.5 kutoka kwenye lango haiwezi kushuka hivyo. Inahitaji hizo desibeli ili isikike. Dawa ni kulisogeza lango. Ukiweka malango ya ziada, kila mita ikawa na lango ndani ya mita 300 badala ya 1,500, umepata desibeli 24 na nusu, karibu zote unazohitaji kuzishusha. Betri nayo inapumua, maana milisekunde 62 za kurusha si sawa na sekunde moja na nusu. Mdukizi aliyekuwa anasikiliza mtaa mzima kutoka juu ya ghorofa atalazimika kuingia uchochoroni. Wa mita 50 bado atasikia, na huyo ni usimbaji ndio utakaomzuia.

Na usimbaji wa LoRaWAN una mianya ambayo nguvu ya mawimbi haiihusu. Anwani ya kifaa na namba ya bandari (inayotenganisha aina za ujumbe) havisimbwi, na urefu wa ujumbe uliosimbwa ni sawa na urefu wa ujumbe halisi. Kama mita yako inatuma tahadhari ya bomba kuvuja kwa bandari ya peke yake, au inatuma pale tu maji yanapotumika, basi mwizi wako hahitaji kufumbua chochote, anahesabu tu. Ipange itume kwa saa maalumu, ujumbe wenye urefu uleule, bandari ileile, nyumba iwe na watu au isiwe nao. Kubadilisha anwani ya kifaa mara kwa mara hakutoshi, kwa sababu kila kifaa kina mkengeuko wake wa masafa unaotokana na kioo chake cha saa: kosa la sehemu 10 kwa milioni ni takriban kilohezi 8.7, na kipokezi kile cha bei nafuu kinaupima bila shida.

Mwisho, angalia mita zako zimeunganishwa kwa utaratibu gani. Zikiwa za ABP, yaani zimewekewa funguo kabla bila kujiunga na mtandao hewani, funguo zake hazibadiliki, na usalama wote unategemea kihesabu cha ujumbe kisirudi nyuma. Kihesabu kikianza upya kutoka sifuri, mfuatano uleule wa biti za kusimbia unatumika mara ya pili. Mdukizi anachukua ujumbe wa zamani na mpya wenye namba ile ile ya kihesabu, anavilinganisha biti kwa biti, na ufunguo unajiondoa wenyewe. Akiwa na bili ya mwezi ule iliyotupwa jalalani, ana usomaji wa zamani, na kwa huo anapata mpya. Kwa hiyo chomoa betri ya mita moja, irudishe, kisha uangalie namba ya ujumbe unaofuata langoni. Ikianzia sifuri na seva ikaupokea bila kulalamika, zima kwanza ruhusa hiyo kwenye seva, halafu ndiyo upange kuhamisha mita kwenda OTAA (utaratibu ambao kifaa hujiunga hewani na kupata funguo mpya), mtaa kwa mtaa, ukianza na ile ambayo betri zake zimewahi kubadilishwa.